Vichanga Elfu Mbili wa New York

Mnamo mwaka 1914, katika mji wa New York, wanawake wawili walitoa hesabu za vichanga 2,000, wavulana 1,000 na wasichana 1,000, waliozaliwa katika hospitali ya wanawake na watoto ambayo asili yake ni nyumba ya matibabu iliyoasisiwa mwaka 1857 na Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya utabibu nchini Marekani. Mmoja wao aliitwa Leta Stetter Hollingworth, na mwenziwe Helen Montague. Na jambo walilolitafuta katika uzito na urefu na vipimo vinginevyo vya viwiliwili vile, ambavyo havijapata kufunzwa wala kukatazwa neno lolote hapa duniani, lilikuwa dogo kulitamka na zito kulithibitisha: je, ni kweli, kama walivyokuwa wakifundisha maulama wa zama zile, kwamba wanaume wameumbwa wakitofautiana wao kwa wao kuliko wanawake wanavyotofautiana wao kwa wao, na kwamba kwa ajili hiyo mabingwa wa dunia, katika kila fani, hawana budi kuwa wanaume?

Dhana hiyo ilikuwa na nasaba yake. Charles Darwin, katika kitabu chake juu ya asili ya mwanadamu kilichotoka mwaka 1871, alieleza kwamba madume ya wanyama wengi hutofautiana baina yao kuliko majike, akaitia habari hiyo kwa binadamu pia, na papo hapo akashikilia kwamba mwanamume humpita mwanamke katika kila kazi itakayo fikra za ndani, ama ubunifu wa moyo, ama matumizi ya mikono. Waliokuja baada yake waliziunga kauli hizo mbili zikawa hoja moja yenye ncha kali. Mfano wake ni mashamba mawili ya minazi ambayo wastani wa mazao yake ni sawa, lakini katika la kwanza kila mnazi wakaribiana na mwenziwe, hali katika la pili imo minazi isiyozaa kitu na imo minazi izaayo maradufu. Mwenye kuutafuta mnazi upitao yote ataufuata katika shamba la pili, ijapokuwa wastani haukuzidi. Ndivyo walivyosema juu ya akili: wastani wa wanaume na wa wanawake waweza kuwa mmoja, lakini katika wanaume wamo wapumbavu wengi zaidi na majabari wengi zaidi, na wanawake wamejazana katikati. Hoja hii ilipendeza kwa sababu haikumtukana mwanamke waziwazi. Ilimwachia akili yake ya kadiri, ikamfungia mlango wa juu tu.

Hawakukosekana watu wa kuihoji tangu mwanzo. Mwishoni mwa mwaka 1881 bibi mmoja wa Brookline, katika jimbo la Massachusetts, jina lake Caroline Kennard, alimwandikia Darwin barua akitaka kujua kama kweli ilimu yake imehukumu kuwa wanawake ni duni, kwa kuwa alisikia kitabu chake kikitolewa ushahidi wa jambo hilo barazani. Darwin akamjibu tarehe 9 Januari 1882, kwa adabu na kwa unyofu, kwamba wanawake kwa tabia njema huwazidi wanaume, lakini kwa akili ni wa chini yao, na kwamba ili walingane ingewabidi wawe watafuta riziki kama wanaume, na hapo malezi ya watoto na furaha ya nyumba zingepata hasara. Kennard hakunyamaza. Alimwandikia tena mwezi ule ule, akimkumbusha kwamba wanawake wa nchi yao tayari wanatafuta riziki kwa jasho lao, na kwamba haiwi haki kumhukumu mtu kwa akili yake kabla hajapewa mazingira na fursa alizopewa mwenziwe. Darwin alifariki mwezi wa Aprili mwaka huo. Mimi naona kwamba katika barua ya bibi huyu, ambaye hakuwa na cheo katika chuo chochote, umo msingi wote wa mabishano yaliyofuata kwa miaka mia na zaidi.

Lakini kabla ya akili kupimwa, mwili ndio uliotangulizwa kuwa kizuizi. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimeanza kufungua milango yake kwa wanawake, Chuo Kikuu cha Michigan kikiwa kimewakubali mwaka 1870, na huko Boston watu walikuwa wakiishinikiza Harvard ifanye vivyo hivyo. Ndipo mwaka 1873 Dakta Edward Clarke, aliyekuwa hapo zamani mwalimu katika shule ya utabibu ya Harvard, akatoa kitabu kidogo juu ya jinsia katika elimu, kikanunuliwa na kupigwa chapa tena na tena. Alisema kwamba nguvu za mwili ni akiba yenye mpaka. Msichana azitumiapo kwa vitabu katika umri wa kubaleghe, hasa katika siku zake za hedhi, huzinyima nguvu hizo viungo vya uzazi, akaishia kuwa mgonjwa, tasa, au mwenye maradhi ya neva. Na ushahidi wake ulikuwa nini? Visa vichache vya wasichana wagonjwa waliokuja kwake kutafuta dawa. Wasichana waliosoma wakabaki wazima hawakuwa na haja ya kwenda kwa tabibu, basi hawakuingia katika kitabu.

Jibu lililo bora kuliko yote lilitoka kwa mwanamke tabibu, Mary Putnam Jacobi, aliyekuwa amesomea Paris na kuhitimu huko mwaka 1871. Harvard ilikuwa imetangaza tuzo ya Boylston kwa insha itakayojibu swali la kama wanawake wanahitaji kupumzika, mwili na akili, wakati wa hedhi, na kwa kadiri gani; na kwa kuwa insha za tuzo hiyo zilipelekwa bila ya jina la mwandishi, waamuzi hawakujua kwamba waliyemtunuku mwaka 1876 alikuwa mwanamke, katika shule ambayo yeye mwenyewe asingepokewa kuwa mwanafunzi. Jacobi hakujibu kwa hasira. Alituma karatasi za maswali 1,000 kwa wanawake, akapata majibu 268, akayapanga katika majedwali: nani ana maumivu na nani hana, nani amesoma miaka mingapi, nani hutembea na nani hukaa kitako kutwa. Kisha akawachukua wanawake kadhaa akawapima siku baada ya siku, joto la mwili, nguvu za misuli, na mapigo ya damu kwa chombo chenye kalamu ambacho hufungwa juu ya mshipa wa mkono kikauchora mwendo wake katika karatasi. Hakuona katika hedhi yenyewe jambo lolote la kumlazimisha mwanamke mwenye afya aache kazi. Alichoona ni kwamba wale waliokuwa na kazi na mazoezi na elimu ndio walioteseka kidogo zaidi.

Huko Uingereza, miaka ya baadaye, mizozo ilihamia kwenye hesabu za watu na kwenye mafuvu. Havelock Ellis alitoa mwaka 1894 kitabu kikubwa juu ya mume na mke, ambamo aliitia nguvu hoja ile ya mtawanyiko wa wanaume kwa kuhesabu wanaume waliomo katika nyumba za kuhifadhia wenye upungufu wa akili na wanaume waliomo katika orodha za wenye sifa, akaona kwamba kotekote ni wengi kuliko wanawake. Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa London, aliichukua hoja hiyo mwaka 1897 akaipitisha katika mizani ya hesabu. Alimlaumu Ellis kwa kuchagua kasoro na ugonjwa kuwa kipimo cha maumbile, akakusanya yeye vipimo vya miili ya watu wazima, wa sehemu mbalimbali na zama mbalimbali, na mwisho wake hakuona dalili kwamba wanaume hutofautiana kuliko wanawake. Palipokuwa na tofauti, mara nyingi ilielemea kidogo upande wa wanawake.

Katika chumba cha kazi cha Pearson alikuwamo Alice Lee, mhitimu wa Bedford, chuo cha wanawake cha London, ambaye naona hakupewa heshima anayostahiki katika historia hii. Wanatomia wa zama zile waliyakinisha kwamba ukubwa wa ubongo ndio ukubwa wa akili, na kwa kuwa fuvu la mwanamke kwa wastani ni dogo, shauri limekwisha. Lee alitunga kanuni za hesabu za kukisia nafasi ya ndani ya fuvu kwa kukipima kichwa cha mtu aliye hai, urefu wake, upana wake na kimo chake. Kisha akazitumia kwa makundi matatu: wanafunzi wa kike wa Bedford, walimu wa kiume wa chuo kikuu, na wanatomia 35 waliokuwa wamekutana Dublin mwaka 1898, wenye majina makubwa katika ilimu ile ile ya mafuvu. Akawapanga mmoja mmoja kwa ukubwa wa vichwa vyao. Mwisho kabisa wa safu akawako Julius Kollmann, mmoja wa wanatomia mashuhuri wa Ulaya. Na baadhi ya vigogo wale walikuwa na vichwa vidogo kuliko vya wasichana wa Bedford. Waliokuwa wakimtahini kwa ajili ya shahada ya udaktari walisitasita sana kuipokea kazi hii, hata ikambidi Pearson aingie kumtetea, lakini namba zilikuwa ni za wanatomia wenyewe, zilizopimwa juu ya vichwa vyao, wala hawakupata njia ya kuzikanusha. Matokeo ya Lee yalitoka mwaka 1901, na tangu hapo hoja ya fuvu haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo.

Hoja ya mtawanyiko, lakini, haikufa. Ilivuka bahari ikapata makao katika Chuo Kikuu cha Columbia. James McKeen Cattell alipima kurasa walizopewa watu katika kamusi za wasifu za mataifa mbalimbali, akapata orodha ya watu mashuhuri 1,000 wa historia yote, na mwaka 1903 akatangaza kwamba wanawake katika hao ni 32 tu. Akaona kuwa sababu ni maumbile. Mwenziwe Edward Thorndike, mtaalamu wa elimu-nafsi aliyesikilizwa na walimu wa nchi nzima, akaandika mwaka 1906 kwamba wanawake wafunzwe kazi ambazo akili ya wastani yatosha kuzifanya vyema, kama ualimu na uuguzi, na kwamba elimu ya juu kabisa, ya kuwatayarisha wachache watakaovumbua na kutawala, haina haja kubwa kwao kwa kuwa wachache hao watakuwa wanaume. Wakati Thorndike akiandika hayo, Nettie Stevens wa chuo cha Bryn Mawr alikuwa ameshatoa, mwaka 1905, uchunguzi wa darubini juu ya mdudu wa unga, akionyesha kwamba chembe za jike zina kromosomu 20 kubwa, na za dume zina 19 kubwa na moja ndogo, na kwamba ni hiyo ndogo iliyomo katika mbegu ya baba inayoamua kizazi kiwe dume. Edmund Wilson wa Columbia alifikia jambo lililo karibu na hilo mwaka ule ule. Hilo lilikuwa jambo la kweli juu ya tofauti ya jinsia mbili, na lilipatikana kwa kuhesabu vitu vinavyoonekana kwa jicho. Nitalirudia mbele, kwa sababu limo ndani yake fungu la jibu.

Leta Stetter alizaliwa tarehe 25 Mei 1886 karibu na Chadron, katika nyanda za magharibi za Nebraska. Mama yake alikufa kwa uzazi wa mtoto wa tatu, Leta akiwa bado mdogo sana. Alisoma katika chuo kikuu cha jimbo lake, akahitimu mwaka 1906, akafundisha skuli, na mwaka 1908 akamfuata New York mchumba wake, Harry Hollingworth, aliyekuwa akisoma Columbia, wakaoana. Alitumaini kufundisha mjini, lakini kanuni za mji zilikataza mwanamke aliyeolewa asifundishe. Basi huyu mwenye shahada na cheti cha ualimu alikaa nyumbani akipika, akishona, akiandika hadithi ambazo hakuna gazeti lililozinunua, na ada ya chuo hawakuwa nayo.

Mlango ulifunguka kutoka upande usiotazamiwa. Serikali ya Marekani ilikuwa imeishitaki kampuni ya Coca-Cola kwa ajili ya kafeini iliyomo katika kinywaji chake, na kesi ilisikilizwa Chattanooga mwaka 1911. Kampuni ilitaka mtaalamu wa kupima taathira ya kafeini katika akili ya mtu, na kazi hiyo akapewa Harry. Leta aliyasimamia majaribio pamoja naye, na fedha zilizopatikana zikamlipia masomo Columbia. Mwaka 1913 alipata shahada ya pili, akaajiriwa na mji katika nyumba ya kuwapima watu waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, akiwapa mitihani ya akili ya Binet mmoja baada ya mmoja.

Hapo ndipo alipoliona jambo ambalo Ellis, kwa vitabu vyake vyote, hakuliona, kwa sababu Ellis alihesabu orodha na Leta alihesabu watu walioingia mlangoni. Katika watu 1,000 aliowachunguza, wanaume walikuwa ni wengi, kama maulama walivyosema. Lakini alipowagawa kwa umri, hesabu iligeuka. Waliokuwa chini ya miaka 16 walizidi wavulana. Waliopita miaka 30 walizidi wanawake, tena wanawake ambao akili zao zilikuwa pungufu kuliko za wanaume waliofikishwa pale. Mvulana asiyeweza kusoma wala kushika kazi hujulikana mapema, kwa kuwa ulimwengu humtaka aende akashindane, na akishindwa huletwa kupimwa. Msichana mwenye upungufu ule ule hukaa nyumbani, akafagia, akaosha vyombo, akalea watoto wa wengine, akaolewa pengine, na hakuna anayemwuliza zaidi. Mpaka mume amwache au afe, au wazazi waondoke, ndipo aonekanapo hawezi kujitegemea, na umri wake umekwisha kuwa mkubwa. Hawakuwa wachache wanawake hao. Walikuwa majikoni.

Na kama upungufu wa wanawake ulikuwa umefichwa na jiko, basi ubingwa wao nao waweza kuwa umefichwa mahali hapo hapo. Katika makala aliyotoa mwaka 1914 katika jarida la elimu-jamii la Marekani, Leta aliwajibu Cattell na Thorndike kwa mantiki iliyonyooka: wanaume wametawanyika katika kazi za kila namna, na kila kazi ina ngazi zake za sifa, lakini wanawake, kwa mamilioni na kwa karne, wamewekwa katika kazi moja, ya kuzaa na kulea na kutunza nyumba, ambayo hata aifanyaye kwa ukamilifu usio na mfano haandikwi katika kamusi ya wasifu. Mwenye kutaka kujua kama wanaume hutofautiana zaidi kwa maumbile, alisema, na atafute watu ambao malezi hayajawagusa. Ndipo vichanga 2,000.

Walipokokotoa, Leta na Montague waliona kwamba wavulana kwa wastani walizaliwa wakubwa kidogo kuliko wasichana, jambo ambalo kila mkunga alijua. Walakini katika kutofautiana wao kwa wao hapakuwa na ziada ya wavulana ya kutegemewa, na palipokuwa na ziada ilielekea kidogo upande wa wasichana. Mwaka ule ule Leta akatoa kitabu, ambacho ndicho kilichompa udaktari mwaka 1916. Humo alikuwa amewapima wanawake 23 na wanaume wawili wa kulinganishia, kwa muda wa miezi, katika kugonga kwa kasi, kutuliza mkono, kutaja rangi, kutaja vinyume vya maneno, na kujifunza kupiga taipu, akitazama kama siku za hedhi huwapunguzia chochote. Hazikuwapunguzia. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Thorndike mwenyewe, na hili lataka kusemwa kwa insafu: mzee huyo aliipokea kazi ya mwanafunzi wake iliyokwenda kinyume cha maneno yake, akampa shahada, na Leta akaajiriwa katika chuo kile kile, akafundisha hapo mpaka alipofariki tarehe 27 Novemba 1939. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa watoto wenye vipaji vikubwa mno.

Ingekuwa raha kuishia hapo, lakini kweli haikuishia hapo. Uzito wa kichanga si akili yake, na hili wapinzani waliliona mara moja. Uthibitisho wa Leta uliivunja kauli ya kwamba mtawanyiko wa wanaume ni kanuni ya maumbile yote, lakini haukugusa kabisa swali la akili za watu wazima. Tarehe 1 Juni 1932 nchi ya Scotland ilifanya jambo lisilofanywa na taifa lolote kabla yake: iliwapa mtihani mmoja wa akili, siku moja, takriban watoto wake wote wa skuli waliozaliwa mwaka 1921, jumla yao 87,498. Ian Deary na wenziwe wa Edinburgh walipozirudia karatasi hizo na kutoa hesabu mwaka 2003, wastani wa wavulana na wa wasichana ulikuwa sawa, lakini wavulana walitawanyika zaidi: katika walioshuka chini sana na katika waliopanda juu sana, walikuwa kiasi cha 58 katika kila 100. Hapa hapana mapendeleo ya nani aletwe kupimwa, kwa maana waliletwa wote. Leta lau angaliishi kuiona hesabu hii, naamini asingeikimbia.

Kwa upande wa chini, biolojia ina maelezo, na maelezo hayo yatokana na yale aliyoyaanzisha Stevens. Mwanamume ana kromosomu moja ya X. Ikiwa jeni fulani iliyomo humo ina kasoro, hana nyingine ya kuifidia. Mwanamke ana mbili, na Mary Lyon alionyesha mwaka 1961 kwamba katika kila chembe ya mwili wake mojawapo hulazwa, hata mwili wake ukawa mchanganyiko wa chembe zitumiazo ya baba na zitumiazo ya mama, kwa hiyo kasoro ya moja hupunguzwa na uzima wa nyingine. Kwa sababu hii maradhi kadhaa ya akili huwapata wavulana zaidi. Ama upande wa juu, wa ubingwa, hakuna aliyeonyesha jeni wala njia iliyo dhahiri namna hiyo, na mwenye kuchukua uhakika wa chini kuuhamishia juu anavuka mto bila daraja.

Tarehe 14 Januari 2005, katika mkutano wa wachumi uliofanyika Cambridge, Massachusetts, rais wa Harvard, Lawrence Summers, alieleza kwa nini, kwa dhana yake, wanawake ni wachache katika vyeo vya juu vya sayansi. Alitaja mambo matatu na kuyapanga kwa uzito: kwanza, kazi zitakazo mtu atoe maisha yake yote, pili, mtawanyiko mkubwa zaidi wa wanaume katika ncha za juu za akili, tatu, na chini ya hayo mawili, malezi na ubaguzi. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, aliondoka ukumbini. Magazeti mengi yalimsema kuwa ni mwanamke asiyestahimili hoja, na hapo walimdhulumu, kwa sababu huyu ndiye aliyekuwa, katika miaka ya 1990, aliponyimwa nafasi ya kuweka matangi ya samaki wa utafiti wake, amezunguka usiku na futi ya kupimia, akipima chumba kwa chumba maabara za wenziwe wa kiume na za wanawake, mpaka akawa na namba mkononi. Na mwaka 1999 chuo chake kikatoa ripoti kukiri kwamba wanasayansi wake wa kike walikuwa wamenyimwa nafasi, fedha na heshima iliyo sawa. Alikuwa amepima jambo ambalo Summers aliliweka la mwisho. Mwezi wa Machi wahadhiri wa Harvard walipiga kura 218 kwa 185 za kutokuwa na imani na rais wao, na mwaka uliofuata akatangaza kujiuzulu.

Sipendi sana jinsi jambo lile lilivyokwisha kwa kura, kwa kuwa kura haikati swali la ilimu. Kilichonifurahisha ni mjadala wa tarehe 22 Aprili 2005, ambapo Steven Pinker na Elizabeth Spelke, wote wawili wa Harvard, walisimama mbele ya watu, Pinker akishikilia kwamba maumbile yana sehemu katika uchache ule, na Spelke, ambaye ameitumia kazi yake kuwachunguza watoto wachanga, akionyesha kwamba katika kufahamu vitu, idadi na mahali, vichanga wa kiume na wa kike huanza wakiwa sawa. Ulizungumzwa pia uchunguzi wa Cambridge ya Uingereza, uliotoka mwaka 2000, ambao vichanga 102 walionyeshwa uso wa mtu na kitu cha kuning'inia, wavulana wakakitazama kitu zaidi na wasichana wakautazama uso. Spelke akasema kwamba aliyewaonyesha uso aliweza kuijua jinsia ya baadhi ya watoto, na kwamba jaribio lenyewe halijarudiwa na wengine. Huo ndio ubishi wa wenye ilimu: wa jinsi kipimo kilivyoshikwa.

Na vipimo vimeendelea. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Camilla Benbow na Julian Stanley, wa Johns Hopkins, walitangaza kwamba katika watoto wa Marekani wasiotimia miaka 13 waliopata alama 700 au zaidi katika mtihani wa hesabu uliokusudiwa watakaoingia chuo kikuu, wavulana walikuwa 13 kwa kila msichana mmoja, na wengi waliichukua namba hiyo kuwa ndiyo muhuri wa maumbile. Janet Hyde na wenziwe waliwapitia mwaka 2008 wanafunzi zaidi ya milioni 7, wakaona wastani wa hesabu ni mmoja kwa wavulana na wasichana, na mtawanyiko wa wavulana umezidi kidogo tu. Mwaka 2014 Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, aliipokea nishani ya Fields, ambayo tangu mwaka 1936 haikupata kuvaliwa na mwanamke, na mwaka 2022 akafuata Maryna Viazovska wa Ukraini. Ama wale 13 kwa mmoja, walipohesabiwa upya katika mtihani ule ule kwa kipindi cha miaka 30, walikuwa wamepungua wakawa chini ya wanne kwa mmoja. Kromosomu za watoto wa Marekani hazikubadilika katika muda huo. Waliobadilika ni wasichana waliopewa somo la hesabu na waliotazamiwa kulijua. Hao wanne, au kasoro, waliosalia bado wanabishaniwa, kwa mitihani, kwa nchi na kwa vizazi, na wanaobishana sasa wanahesabu watu.